Konekshen ya Tabora

Baba mkubwa masikio yake yamechoka, kwa hiyo simu kaiweka laudi muda wote, na yeye mwenyewe anaongea kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Tumepanda daladala Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, gari limejaa mpaka konda ananing'inia mlangoni, simu ikaita. Baba mkubwa hata salamu hakusubiri.

"Ehe! Konekshen ya Tabora umeipata?"

Gari zima kimya.

Kwa rika langu mimi, konekshen ni yule mjomba wa mtu anayeweza kusogeza barua yako ya maombi ikae juu ya zingine. Kwa vijana wa siti ya nyuma, ni video ya mtu asiye na nguo iliyovuja. Baba mkubwa aliingia relini kabla Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, na kwake konekshen ni treni tu: unatoka Dar, mkifika Tabora mabehewa yanagawanywa, haya ya Kigoma, haya ya Mwanza. Alikuwa anakwenda Mwanza harusini, anataka kujua ratiba.

"Nitumie leo leo, nataka niione kabla sijalala!"

"Astaghfirullah," mama mmoja akasema, akambana mwanawe kifuani. "Mzee mzima, na mvi zote hizo."

Nikamgusa goti. Akasogea kunipisha.

Alipokata simu akakuta abiria wote wanamtazama. Mzee wangu akiona watu wanamtazama hudhani wanataka historia.

"Nyie watoto mnafikiri konekshen zimeanza juzi? Tabora zipo tangu 1928!"

Ni kweli kabisa, mwaka huo ndipo reli ya Mwanza ilipokamilika. Lakini nani alikuwa anawaza reli?

"Mimi mwenyewe nimezisimamia, usiku wa manane, taa mkononi. Zinaachanishwa, zinaunganishwa upya, na wenyewe wamelala fofofo."

Konda akaingiza kichwa ndani. "Hawajui, mzee?"

"Watajuaje? Wanaamka asubuhi wanajikuta Mwanza!"

Hapo ndiyo tunapita Gereza la Ukonga, na mimi kichwani nimeshafika kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Nikaona niokoe jahazi.

"Jamani, baba mkubwa anazungumzia treni."

"Kumbe na treni ipo!" sauti ikatoka nyuma, na gari likalipuka kwa vicheko. Dereva naye alikuwa anafuta machozi kwa kola ya shati. Nikanyamaza. Kuna maelezo ambayo ukiyaongeza unachochea kuni.

Kijana mmoja mwenye spika za masikioni akainama kwa adabu zote. "Samahani babu, grupu mnalo?"

"Tunalo. Wastaafu watupu."

"Wastaafu!"

"Tena tunakutana kila mwezi. Wengine wanakuja na wake zao."

Yule mama akashuka Banana, na sidhani kama ndicho kilikuwa kituo chake.

Tulipofika Kariakoo konda akamrudishia baba mkubwa nauli, akampa mkono huku ameinamisha kichwa. "Shikamoo, mzee wangu. Nyie ndio mlioianzisha nchi hii."

"Marahaba, mwanangu."

Nauli yangu mimi hakurudisha.