Kiro'o Games wana kazi, basi tuijadili kazi yao

Juzi nimesoma makala nyingine kuhusu Kiro'o Games, studio ya Yaoundé nchini Kameruni, na kama ilivyo desturi, mwandishi alitumia karibu nafasi yote kueleza jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika wakati vijana hao wakitengeneza gemu yao. Ni kweli umeme ulikatika, na ni kweli waliteseka. Lakini gemu hiyo ya kompyuta, Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ilitoka Aprili 2016, na kumsifu msanii kwa dhiki zake bila kuigusa kazi yake ni kumvika kilemba cha ukoka.

Tuutazame mchezo wenyewe. Enzo Kori-Odan, mwanamfalme wa Zama, anatawazwa na kumwoa Erine Evou siku moja, na siku hiyo hiyo shemeji yake Ngarba anampindua. Maharusi wanalazimika kwenda uhamishoni, wakazunguka dunia ya Auriona kutafuta nguvu za kuwarudisha nyumbani. Nguvu hizo, yaani Aurion, ni urithi wa wahenga, na hapo ndipo ninapowavulia kofia watengenezaji: hawakuishia kuupachika urithi huo kwenye hadithi kama pambo, bali waliufanya kuwa ndio mapigano yenyewe. Unaanza kwa mapigo ya kawaida, unayaunganisha mfululizo, kisha Enzo anaamsha urithi fulani na skrini nzima inafurika mwanga, na namna yake ya kupigana inabadilika. Erine naye hakai pembeni kusubiri kuokolewa. Yumo vitani, akimsaidia mumewe kila hatua. Mchezaji anajifunza kwa vidole vyake kwamba nguvu ya mtu mmoja inatoka kwa waliomtangulia na kwa aliye ubavuni mwake. Wazo hilo limefikiriwa kwa kina, na linastahili kujadiliwa kwa kina.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mazungumzo ya mchezo huu ni marefu kupita kiasi, na kwamba nje ya mapigano mwendo wa Enzo ni mzito, hasa pale anapotakiwa kurukaruka. Tuyaseme hayo waziwazi. Anayesema "kwa mchezo wa Kiafrika si mbaya" anadhani anawasaidia, kumbe anawanyima heshima ya kukosolewa kama watengenezaji wengine wowote.

Upande wa fedha nao una somo linalozidi habari za umeme. Olivier Madiba, mwanzilishi wa studio, aliuanza mradi huu mwaka 2003, lakini studio ilifunguliwa rasmi miaka 10 baadaye, kwa sababu mtaji haukupatikana kwa njia za kawaida. Walichofanya ni kuuza hisa kupitia intaneti kwa wawekezaji wadogo wadogo, kisha mwaka 2015 wakachangisha kwenye Kickstarter, tovuti ambako watu huchangia miradi, na huko waliomba yuro 40,000 na kupata karibu 50,000. Kwa gemu ya kiwango kile, fedha hizo ni kidogo mno, na hata hivyo kazi iliisha na ikafika kwa wateja.

Baadaye waligeukia simu kwa Le Responsable Mboa, mchezo unaogusa utumishi wa umma na rushwa. Wapo waliosikitika kuona studio ikiiacha kompyuta, lakini mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa sababu vijana wengi wa Douala, kama wa Mwanza na Kisumu, hawana kompyuta ya kuchezea gemu wala kadi ya benki ya kuinunulia, ila simu wanayo mkononi.

Wenzangu mnaoandika kuhusu gemu kwa Kiswahili, nawaomba mtu mmoja aicheze Aurion hadi mwisho, kisha atuandikie ni urithi upi unaofaa zaidi dhidi ya maadui wakubwa, ni sehemu ipi ya hadithi inachosha, na kwa nini. Nitamsoma, na pale nisipokubaliana naye nitambishia.