Barabara za Kuvuka Mipaka: Anayedai Mizani Kwanza Hapingi Maendeleo

Ramani ya barabara kuu za Afrika iliyobuniwa mwaka 1971 chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika ina njia tisa, zaidi ya kilomita 56,000 kwa jumla. Njia ya nne, ya Cairo hadi Cape Town, inapita Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Inatoka Dodoma, inaingia Iringa, inashika TANZAM, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, na kupitia Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Wanaotaka njia hii iunganishwe na kupanuliwa haraka husikika kirahisi. Wanaosema nchi zikubaliane kwanza kuhusu uzito wa malori na matunzo huitwa wakwamishaji. Hawa wa pili wanaeleweka vibaya, na hoja yao inaweza kupigiwa hesabu.

Hata hivyo, wanaotaka kujenga wana haki yao. TANZAM yenyewe ni tunda la ushirikiano: baada ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya mafuta na shaba, na Marekani, Benki ya Dunia na Sweden zikasaidia kuweka lami pale ambapo malori yalikuwa yakizama kwenye tope. Barabara ya Iringa–Dodoma, kilomita 260, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa mchango wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani, imemwondolea mwenye viazi vya Njombe ulazima wa kuzungukia Morogoro wakati wa masika. Atakayesema haikustahili kujengwa hajawahi kuuza mzigo unaooza.

Tabu inaanza lami ikishalala. Wahandisi hupima madhara ya lori kwa uzito unaobebwa na kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, na kanuni inayotumika tangu majaribio ya Marekani ya miaka ya 1950 husema madhara huongezeka takriban kwa nguvu ya nne: uzito ukiongezeka mara mbili, madhara yanakuwa mara 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, mzigo umeongezeka kwa asilimia 20, lakini barabara inaumia zaidi ya mara mbili. Ukilinganisha na gari dogo lenye nusu tani kwa ekseli, ile ya tani 10 inaumiza mara 160,000. Daladala na bajaji zote za Mbeya haziwezi kuichakaza barabara hii. Inachakazwa na malori ya masafa marefu.

Hapo ndipo penye maana ya mvutano wa Oktoba 2013. Wizara ya Ujenzi, chini ya John Magufuli, ilifuta nafuu ya asilimia 5 juu ya kiwango cha uzito iliyokuwa ikiruhusiwa kwenye mizani. Wenye malori wakagoma, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akairudisha. Wengi waliona waziri anang'ang'ania kitu kidogo. Lakini 1.05 kwa nguvu ya nne ni 1.22 hivi. Malori yakiigeuza nafuu hiyo kuwa mzigo wa kila siku, barabara inabeba madhara ya asilimia 22 zaidi ya ilivyosanifiwa, na ile iliyokusudiwa miaka 20 inakwisha kati ya mwaka wa 16 na wa 17. Miaka mitatu na nusu ya barabara imeondoka kwa nafuu ambayo kwenye karatasi ya mizani haionekani kuwa kitu. Nafuu iliwekwa kwa sababu mizani hukosea kidogo na mzigo hucheza njiani. Msafirishaji anayeihesabu kama sehemu ya mzigo wake anabeba miaka ya barabara ya watu wengine.

Kwenye milima ya kwetu hesabu hiyo inazidi kuwa mbaya. Lami ikipata joto hulainika, na hukandamizwa zaidi kadiri tairi linavyokaa juu yake. Lori linalopanda mlima Kitonga, mkoani Iringa, kwa mwendo wa mtu anayekimbia hukaa juu ya kila hatua ya lami mara nyingi zaidi ya lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa tambarare. Matokeo yake ni ile mifereji miwili kwenye upande wa kupanda, na lami iliyosukumwa ikainuka tuta pembeni. Mvua ikija, maji yanatuama humo badala ya kukimbilia mtaroni. Nyufa zikitokea yanapenya hadi kwenye tabaka la kokoto, na kila tairi zito linalopita linayakamua juu pamoja na vumbi laini la tabaka hilo. Ukiona tope jepesi likichuruzika kwenye ufa, ujue shimo liko njiani. Kiraka cha juu hakitibu, maana tabaka la chini limeshapoteza nguvu.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, imeweka mambo wazi: tani 8 ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za pamoja, 24 kwa tatu, na jumla isizidi tani 56. Lori la ekseli saba lililopangwa moja, mbili, mbili, mbili lingefika tani 62 ukijumlisha ekseli, lakini sheria inalikata kwenye 56. Ila sheria hiyo ni ya Jumuiya. Zambia na Malawi hazimo. Ushoroba, yaani njia nzima ya mizigo, unaanzia bandarini Dar es Salaam na kuishia migodini, wakati mamlaka ya sheria hii inakoma Tunduma, na Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi. Mazungumzo kuhusu uzito kati ya Jumuiya hii (EAC) na jumuiya nyingine mbili za kikanda, COMESA ya mashariki na kusini mwa Afrika na SADC ya kusini mwa Afrika, yanastahili kelele walau sawa na zile za kukata utepe.

Wasafirishaji nao wana hoja moja nzito. Lori linapimwa mara kadhaa kabla ya Tunduma: Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba. Linaweza kupita Wenda salama likakwama Makambako bila kuongezewa hata kilo. Mzigo uliofungwa vibaya umeteleza nyuma kwenye kilima, au ekseli ya kunyanyua haikushuka sawasawa, au jukwaa la mizani haliko usawa mmoja na njia ya kuingilia. Shaba ndiyo sumbufu zaidi: ni nzito na haijazi tela, kwa hiyo mafungu yakisogezwa hatua moja kuelekea nyuma, ekseli za nyuma zinazidi ingawa jumla iko ndani ya 56. Dereva hulazimika kupanga upya mzigo barabarani, na siku inapotea. Ila dawa yake ni mizani inayopimwa usahihi mara kwa mara na hati moja inayokubalika pande zote mbili za mpaka. Kulegeza kipimo hakumsaidii dereva huyu, kwani mzigo uliokaa vibaya utazidi hata kipimo kipya.

Aprili 2025 tuliona pia kwamba lami peke yake haifungui mpaka. Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya mazao, ndizi zikiwemo, na Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi. Barabara ya kwenda Kasumulu ilikuwa nzima, lakini biashara ya ndizi za Rungwe ilikuwa imekwama. Zuio la Tanzania liliondolewa mwanzoni mwa Mei.

Na nani analipia matunzo? Mfuko wa Barabara hutegemea zaidi tozo ya mafuta, hivyo mkulima wa Mbozi anayenunua dizeli ya trekta anachangia kuziba mifereji ya Kitonga. Lori la nje hulipa kwa umbali na idadi ya ekseli, si kwa uzito halisi uliosomwa kwenye mizani.

Sasa Nsalaga–Ifisi, kilomita 29 katikati ya Mbeya, inapanuliwa kuwa njia nne, na upanuzi umelengwa kufika Igawa hadi Tunduma. Kazi hiyo iendelee. Watu wa Sae, Ilomba na Iyunga wamechoka kugombea njia moja na matela. Lakini mkataba wowote wa fedha za nje kwa kipande kilichobaki uje na masharti mawili yaliyosainiwa na Lusaka na Lilongwe pia: shaba ipimwe Nakonde, upande wa Zambia, kabla ya kuvuka, kwa hati itakayotambuliwa hadi bandarini, na ada ya kupita itozwe kwa tani zilizosomwa kwenye mizani hiyo.