Tuzo za kimataifa za biashara: nani amelipa, nani amekaguliwa?

Wakosoaji wa tuzo za kimataifa za ubora wa biashara wana hoja moja inayouma: mtoaji anakula kwa mpewaji. Kampuni hulipa ada ya kuwania, ikishinda hununua meza kwenye hafla, na wakati mwingine hulipia hata haki ya kuweka nembo ya ushindi kwenye matangazo yake. Vipengele huongezwa mwaka hadi mwaka, na kila kimoja kina dhahabu, fedha na shaba, mpaka kutoka mikono mitupu kunahitaji bahati mbaya. Zipo hata zisizo na mashindano kabisa: barua pepe inamfikia mkurugenzi ikimpongeza kwa ushindi ambao hakuuwania, na ankara imeambatishwa.

Kizuri chajiuza, watasema. Kweli, ila hujiuza kwa anayeweza kukiona. Kampuni ndogo inayotafuta mnunuzi wa nchi ya mbali haina wa kuisemea huko, na mnunuzi mwenyewe hana muda wa kuipeleleza. Cheti cha taasisi inayoheshimika humpa angalau sababu ya kujibu barua yake.

Na tuzo zenye uzito zipo. Japani ilianzisha Tuzo ya Deming mwaka 1951, ikaipa jina la mtakwimu wa Marekani, W. Edwards Deming. Marekani ikaanzisha Tuzo ya Baldrige kwa sheria ya mwaka 1987. Ulaya, kupitia EFQM, taasisi ya usimamizi wa ubora, ilitoa yake ya kwanza mwaka 1992, ikachukuliwa na Rank Xerox, kampuni ya mashine za kunakili. Katika Baldrige, maombi yalikuwa yakipimwa kwa alama 1,000, na kwa miaka mingi 450 kati ya hizo zilikuwa za matokeo, si maelezo matamu. Waliofika hatua za mwisho walitembelewa na wakaguzi kazini kwao. La muhimu kuliko yote, hata walioshindwa walipata ripoti ya kueleza walipo imara na wanapopwaya. Kwangu mimi, ripoti hiyo ina thamani kuliko kikombe.

Watafiti Kevin Hendricks na Vinod Singhal walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wa kampuni zilizotwaa tuzo za ubora, wakaona faida yake ya uendeshaji ilikua kuliko ya kampuni walizozilinganisha nazo. Lakini wenyewe waliichukua tuzo kama dalili kwamba mfumo wa ubora umeshaota mizizi. Kikombe hakikuleta faida. Kilikuta kazi imefanyika.

Kazi hiyo nayo inaweza kugeuka mzigo. Mwaka 1989 Florida Power & Light, kampuni ya umeme ya Marekani, ilikuwa ya kwanza nje ya Japani kutwaa Tuzo ya Deming, na haukupita muda uongozi mpya ukapunguza sana idara ya ubora, huku wafanyakazi wakilalamikia wingi wa makaratasi. Wallace ya Houston ilipata Baldrige mwaka 1990, na mwaka 1992 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Wapinzani wa tuzo hupenda sana mfano huu, wakisahau kwamba Wallace iliuza mabomba na vali kwa sekta ya mafuta na kemikali, na soko lake lilikuwa limedorora. Hata hivyo, ni kweli pia kwamba viongozi wake walitumia muda mwingi kupokea wageni waliokuja kujifunza.

Kuhusu muda wa wakubwa, Ulrike Malmendier na Geoffrey Tate walionyesha mwaka 2009 kwamba wakurugenzi wakuu wakishapewa tuzo za heshima, malipo yao hupanda huku kampuni zao zikibaki nyuma, nao hujikuta wakiandika vitabu na kukaa kwenye bodi za wengine.

Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ndiyo mfano mchungu zaidi. Jarida la Fortune liliitaja miaka sita mfululizo kuwa kampuni bunifu kuliko zote Marekani, na Desemba 2001 ikafilisika. Sifa hiyo ilitokana na maoni ya wakurugenzi na wachambuzi. Hakuna aliyetumwa kukagua vitabu vyake.

Kwa hiyo ada peke yake si kosa, maana ukaguzi una gharama. Kabla ya kuilipa, ningewauliza waandaaji swali moja: walioshindwa mwaka jana waliondoka na nini? Wakijibu kwamba hakuna aliyeshindwa, nabaki na pesa yangu.