Chungu cha Mkisi hakijawa pambo

Nimesoma makala inayosema eti vyungu vya Wakisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, siku hizi vinanunuliwa na watalii tu, wakapambe sebule. Hapo mwandishi amepotoka. Nimeishi Kyela miaka sita, na maharage ya nyumbani kwangu mpaka leo yanachemka kwenye chungu kilichoshushwa kutoka mtumbwini Lyulilo, siku ya gulio. Mtungi nao uko kwenye kona ya jiko: maji yanapenya taratibu kwenye vinyweleo vya udongo, yanakauka kwa nje, na yaliyobaki ndani yanapoa bila senti ya umeme. (Wenye friji wananicheka, umeme ukikatika wanakuja na vikombe.) Kitu ambacho makala haikukigusa kabisa ni urafiki wa wale akina mama wafinyanzi. Niliowatembelea hawana gurudumu. Chungu kinazungushwa kwa mkono, stori zinaendelea, na mmoja akiona ukingo wa mwenzake umepinda anaunyoosha bila kuombwa. Walichoma vya watu wanne kwenye moto mmoja. Cha mama mmoja kilipasuka, wenzake wakamchangia kila mtu kimoja ili asiende gulioni mikono mitupu. Na ile methali ya mfinyanzi hulia gaeni, pale niliikuta kweli: tulikula ugali na samaki kwenye bakuli lenye ufa, mazuri yote yakisubiri mtumbwi. Nyie wenzangu wa Tukuyu na Mbeya, chungu kipya mnakichemshia nini kwanza kabla ya kukipikia, uji au maganda ya ndizi?