Kabla Hujachagua Rangi ya Zege, Mwaga Ndoo ya Maji

Shangazi yangu amefungwa plasta mkono wa kulia, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, na aliumia kwenye baraza jipya la mdogo wangu.

Alitoka Bombo, kaskazini ya Kampala, asubuhi kuja kumwona mtoto aliyezaliwa. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mvua baada ya kiangazi, na mnaijua mvua ile inayopanda kutoka upande wa Ziwa Viktoria: inapiga robo saa, jua linarudi, watu wanaendelea na shughuli zao. Akashuka bodaboda getini, akapanda ile njia ya gari akisifu, "Mashaallah, mwanangu amejenga." Mguu wa kwanza ulipotua barazani ukamtoka. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi, hatua tatu tu kutoka alipo, na sikumuwahi. Alitanguliza mkono kujikinga. Niliusikia mfupa.

Baraza lenyewe ni zuri, hilo lazima niliseme. Ni zege la nakshi, lile linalopigwa chapa kwa mikeka ya mpira likiwa bado bichi, likikauka unadhani ni mawe yamepangwa moja moja. Rangi ya kahawia imeingia kijivu kwenye kingo, na juu yake imepakwa sila, ile dawa ya kuziba na kung'arisha uso wa zege, mikono miwili mpaka unajiona uso. Mdogo wangu alilichagua kwenye simu ya fundi. Walikaa chini ya mwembe wakapitisha picha mpaka adhuhuri, hii, hapana hii, rudi ile ya nyuma. Nilikuwepo. Katika picha zote zile hapakuwa na hata moja ya baraza lililolowa, na mimi sikuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo nikipita Kira, Namugongo au Bweyogerere nachungulia kompaundi za watu pale geti linapofunguliwa, na naliona baraza lile lile kila mahali, linang'aa. Kwa hiyo naandika. Ndugu zangu mnaojenga: uso wa zege la nje uchagueni kwa mguu kwanza, jicho lifuate.

Tunaishi juu ya udongo mwekundu. Kiangazi kizima lori na bodaboda zinapita barabara ya maramu, na vumbi linatua kila mahali, kwenye majani ya migomba, kwenye nguo kambani, kwenye hilo baraza. Barazani hulioni kwa sababu rangi uliyochagua inafanana nalo. Kisha yanakuja matone ya kwanza. Hayatoshi kuosha, yanatosha kulowesha tu, na vumbi linageuka uji mwepesi. Kwenye zege la kawaida uji ule ungeingia kwenye vitundu na mikwaruzo. Kwenye zege lililozibwa na sila hauna pa kwenda, unabaki katikati ya soli na sakafu. Tuliporudi kutoka hospitali nilichutama nikapitisha kidole pale alipoangukia. Kidole kilitoka chekundu, kinateleza kama nimeshika sabuni. Mifereji ya nakshi ilikuwepo, tena mirefu, lakini migongo ya yale "mawe", mahali mguu unapokanyaga hasa, ilikuwa laini kama sahani. Mvua ikizidi, uji unaoshwa na hatari inapungua kidogo. Ni zile dakika za mwanzo zinazovunja watu, na huku kwetu dakika za mwanzo ni nyingi, maana tuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na hata katikati ya misimu hiyo ziwa haliishi kututumia mawingu.

Ongeza kivuli. Upande wa nyuma ambako jua halifiki, karibu na tangi la maji, ule ukijani unaota ndani ya wiki chache. Ukikutana na sila, hapo hata kijana anaanguka.

Nakubali kwamba sila ina kazi yake. Inazuia oili ya gari isinywewe na zege, na inachelewesha rangi kufifia chini ya jua letu hili la ikweta. Fundi hakutudanganya alipoisifu. Lakini kuna chembe laini zinazochanganywa ndani ya sila kabla ya kupaka, ili uso ukwaruze kidogo. Hakutaja, na sisi hatukujua kuuliza. Na sila haipakwi mara moja ikaisha: baada ya miaka michache inachujuka, inatoka magamba, na inabidi upake tena. Kila mkono unaoongeza bila chembe unazidisha utelezi.

Sasa mtaniuliza, basi tufanye nini, turudi kwenye matope? Hapana.

Lipo zege la fagio, na sielewi kwa nini watu wanalidharau. Zege likishasawazishwa kwa ubao, unasubiri yale maji yanayopanda juu yaondoke, kisha kabla halijashika unavuta fagio gumu mara moja tu, upande mmoja, bila kurudia. Inabaki mistari myembamba kama ya kitambaa. Kwenye mteremko mistari ikate njia, isiifuate, ili tairi na soli zipate pa kushika. Na kwa vilima hivi vyetu, nyumba ngapi zina njia ya gari iliyo tambarare? Mwambie fundi aache ukanda laini wa kiganja kimoja pembeni kwa ule mwiko wa kukunja kingo, na utaona jinsi linavyopendeza. Linagharimu fagio.

Na lipo lile ninalolipenda zaidi, la kokoto zinazoonekana. Unamwaga zege, unaisimamisha saruji ya juu isishike upesi, kisha unaosha ile ngozi ya juu kwa maji na brashi mpaka kokoto zitokeze vichwa. Kuna dawa ya kiwandani ya kazi hiyo, na mafundi wengine hunyunyizia maji ya sukari, kwa kuwa sukari huchelewesha saruji kushika. Juu tu lakini, maana sukari ikiingia ndani ya mchanganyiko umeharibu zege lote. Likikauka unapata uso wa mawe halisi, kijivu, weusi, weupe kidogo unaometa jua likipiga. Mawe yenyewe ni yetu. Nenda Kireka, kwenye Acholi Quarter, uwaone akina mama waliokimbia vita kaskazini mwa Uganda miaka ile wakakaa wakigonga miamba kwa nyundo, kipande kwa kipande, mtoto mgongoni. Kokoto za mikono yao zimezikwa ndani ya misingi na nguzo za mji huu bila mtu kuziona. Mimi ningependa zionekane. Ningependa mgeni akanyage hapo aulize mawe haya yametoka wapi, na mwenye nyumba awe na la kujibu.

Ubaya wake naujua: kokoto za kugongwa zina makali kwa mguu mtupu, na mtoto anayetambaa ataumia magoti. Basi pale watoto wanapochezea na mnapotandika mkeka, weka la fagio. La kokoto liweke njia ya gari na ngazini. Kompaundi moja si lazima iwe na uso mmoja.

Lolote utakalochagua, simamia maji ya kuchanganyia. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka kama lita 25 za maji, jerikeni moja na robo, na hapo uhesabu pia unyevu ulioko ndani ya mchanga. Nimeona kwa macho yangu vijana wakimimina jerikeni ya pili yote kwa sababu zege zito linachosha mikono. Linamwagika vizuri, linatandazika kama uji, na baada ya miezi sita uso unatoa unga na nakshi uliyoilipia inameguka. Kisha lilowesheni siku saba. Funika kwa magunia, mwagilia asubuhi na jioni, na gari lisipite juu kabla zege halijakomaa, hata kama jirani yako alipitisha lake siku ya tatu.

Rangi: ichanganywe ndani ya zege, ikinyunyizwa juu tu kwa mkono wa haraka utaona kijivu cha saruji mahali pa kwanza litakapobanduka. Peva, yale matofali ya zege ya kupanga: sina ugomvi nazo, bomba likipasuka unazing'oa na kuzirudisha, ila zikilazwa juu ya udongo usioshindiliwa zinazama kwenye njia za tairi. Unene: sentimita 10 pale gari linapopita. Mwinamo: sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta wa nyumba, na tafadhali maji yako yasiishie kwenye mlango wa jirani wa chini. Ukifunika kompaundi yote kwa zege bila kuacha kipande cha nyasi, umemtumia yeye mvua yako.

Bibi yetu kule Bombo alikuwa na kibaraza chekundu, kile cha oksidi cha nyumba za zamani. Kwa ndani alikisugua kwa nta kila Ijumaa mpaka kikawa kama kioo. Lakini ngazi mbili za nje alikataa katakata zisiguswe. Ziliachwa zikwaruze, na sisi watoto tulichunika magoti hapo tukilia kwamba bibi ni mkali. Shangazi ndiye aliyenikumbusha, tukiwa kwenye benchi la hospitali tunasubiri picha ya mkono. Alisema mama yake hakuwahi kumwangusha mgeni.

Kwa yeyote anayetaka kumwaga zege mwezi huu, naomba hili moja. Kabla hujatoa pesa ya kwanza, mwambie fundi akumwagie kipande cha mita moja, kwa uso ule ule na sila ile ile unayoitaka. Kikikauka, nyunyiza vumbi jekundu la barabarani, mwaga maji kidogo, vaa sapatu zako kuukuu zilizolika soli, utembee juu yake. Kisha mwite mtu mzima wa nyumbani, umshike mkono, naye atembee. Fundi akikataa, mtafute mwingine.

Mdogo wangu hajalala vizuri tangu siku ile. Juzi alileta mashine ya kusugua, wakaondoa sila yote barazani na kwenye mteremko wa getini, mlio wake umesikika mtaa mzima. Ule mng'ao umekwenda. Nakshi imebaki, imefifia kidogo, na mimi naona imependeza zaidi. Sila mpya yenye chembe tumeinunua, iko stoo. Shangazi amesema plasta ikitolewa atakuja tena, kwa kuwa mtoto hakumpakata sawasawa. Jumamosi tunapaka, tunaacha ikauke, na ndoo ya kwanza nitaimwaga mwenyewe.