XL peke yake haimtoshi mtu mrefu

Mtu wa mita 1.93 akiingia kwenye duka la baiskeli za mtumba Kampala, jambo la kwanza atakalofanyiwa ni kupandishiwa siti. Muuzaji ataivuta mpaka mguu unyooke, atakaza boliti, kisha atasema, "Ssebo (bwana), hii ni XL, yako kabisa." Siti imepanda, hilo ni kweli. Ila siti haipandi wima kama ndoo ya kisimani. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyorudi nyuma, na kwenye baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma, hapo ndipo pesa ya mtu mrefu hupotelea. Msimamo wangu ni kwamba mrefu asinunue herufi iliyobandikwa kwenye fremu, wala sifa za shokapu. Anunue mahali siti inapoishia ikiwa kwenye urefu wake.

Anza na mguu. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja kwa nguvu kama uliyekaa kwenye siti, upime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Mguu wa sentimita 92 unakupa 81, nao ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ya kranki, ile inayozungushwa na pedali, hadi juu ya siti. Viatu na pedali zako vinaweza kuusogeza kidogo, lakini kwa kununulia unatosha.

Sasa tazama bomba la siti. Kwenye fremu nyingi za aina hii bomba halishuki moja kwa moja hadi kwenye kranki. Linapinda, au linaanzia mbele ya kranki, ili kuliachia nafasi gurudumu la nyuma shokapu inapobonyea. Matokeo yake kuna pembe mbili: ile inayotangazwa, ya mstari kutoka kranki hadi siti, na ile ya bomba lenyewe, ambayo imelala zaidi. Tuseme inayotangazwa ni nyuzi 76, imepimwa siti ikiwa sentimita 65 juu ya kranki kwa wima, na bomba lenyewe limelala nyuzi 68. Mtu wa kimo cha kawaida hatahisi kitu. Wewe, ambaye 81 zako za mshazari ni kama 78 za wima, unaipandisha siti sentimita 13 zaidi, nayo inarudi nyuma zaidi ya sentimita 5. Zile nyuzi 76 kwako zimeshuka chini ya 75. Ukianza kupanda mlima, uzito wako unaangukia karibu na ekseli ya nyuma, shokapu ya nyuma inazama, na ikizama pembe inalala tena. Kwenye vilima vya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, juu ya Ziwa Bunyonyi, gurudumu la mbele litakuwa linanyanyuka na kuyumba huku umekalia ncha ya siti, na kiuno ndicho kitakacholipa.

Dukani hili linapimwa kwa timazi. Uzi na nati moja vinatosha. Weka baiskeli mahali tambarare, siti iwe kwenye urefu wako, shikiza uzi katikati ya siti kwa kuhesabu urefu wake, uache nati ining'inie hadi usawa wa kranki. Pima kwa mlalo kutoka kwenye uzi hadi katikati ya ekseli ya kranki. Kwa siti ya sentimita 81, kipimo cha 19 hadi 20 ni kizuri sana. Kikizidi 22, mimi ningeiacha baiskeli hiyo hata kama bei inavutia. Kati ya hapo inarekebishika: sogeza siti mbele kwenye reli zake sentimita 1 au 1.5, shusha ncha nyuzi 2 au 3, na uongeze hewa kidogo kwenye shokapu ya nyuma. Nguzo ya siti ambayo kichwa chake kimerudi nyuma usiiguse.

Ukiwa hapo hapo, toa nguzo yenyewe uiangalie. Ina alama ya mwisho wa kuvutwa, na alama hiyo lazima imezwe na fremu. Hata hivyo mimi siiamini peke yake. Nguzo inapaswa kushuka kupita pale bomba la juu linapoungana na bomba la siti, maana ikiishia juu ya kiungo hicho, kilo zako zote zinapinda kipande kifupi cha bomba, na fremu hupasuka nyuma ya kiungo. Pitisha kidole hapo, futa vumbi, tafuta ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi. Ukikuta nguzo imezungushiwa kipande cha kopo la soda, ujue kipenyo si chake. Vipenyo vya kawaida ni milimita 30.9, 31.6 na 34.9, na kosa la nusu milimita linatosha kuitafuna fremu.

Nguzo inayoshuka kwa kitufe ni ya lazima kwa mrefu kuliko kwa mtu yeyote, kwa sababu siti yake ndiyo iliyo juu zaidi mteremko unapoanza. Tafuta yenye mwendo wa milimita 180 hadi 210. Usidanganyike kwamba mrefu anahitaji bomba refu la siti. Bomba la sentimita 47 au 48 na nguzo ndefu ni bora kuliko bomba la 53 lenye nguzo fupi, ilimradi ndani ya bomba pasiwe na kona ya kuizuia nguzo kuzama.

Mbele kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni umbali wa mlalo kutoka wima wa kranki hadi katikati ya ncha ya juu ya bomba la shingo. XL za karibu miaka 10 au zaidi iliyopita mara nyingi zina milimita 450 hadi 470, za siku hizi 500 hadi 520. Kwa mtu wa mita 1.93 ningelenga 500 na kuendelea, na stemu (kishikio cha usukani) fupi ya milimita 40 au 50. Kurefusha baiskeli fupi kwa stemu ya milimita 90 ni kuhamishia uzito juu ya gurudumu la mbele, na kwenye miteremko ya Sipi, kando ya Mlima Elgon, utaona ubaya wake kwenye kona ya kwanza. Cha pili ni kimo cha shingo, yaani wima kutoka usawa wa kranki hadi juu ya bomba hilo. Kikiwa chini ya milimita 630, usukani utakuwa chini sana ya siti. Mtumba una mtego wake hapa: mwenye baiskeli wa kwanza huwa ameshaikata shingo ya foku, na ikishakatwa hairefushwi. Badala ya kutafuta pete za kuinulia, nunua usukani uliopanda milimita 40 au 50, wenye upana wa 780 au 800. Pete zina dosari nyingine pia. Kila milimita 10 za pete hurudisha usukani nyuma kama milimita 4, ukaanza kupoteza ule urefu uliolipia.

Pima pia kutoka kranki hadi ekseli ya nyuma. Kuna watengenezaji wanaoweka milimita 435 kwa saizi zote, kuanzia ndogo hadi XL, na mimi naliona hilo kuwa uvivu. Mbele imerefushwa, nyuma imebaki ya mtu mfupi, halafu mrefu analaumiwa kwamba hajui kupanda mlima. Tafuta 445 hadi 455.

Uzito nao una hesabu yake. Mtu mrefu kwa kawaida ni mzito, na fremu hazibebi uzito sawasawa. Shokapu ya nyuma ina maandishi kama 210x55: namba ya pili ni mwendo wa pistoni kwa milimita. Chukua mwendo wa gurudumu la nyuma, yaani umbali linaopanda shokapu ikibonyea yote, ugawe kwa namba hiyo. Milimita 140 kwa 55 ni 2.55, safi. Milimita 130 kwa 45 ni karibu 2.9, na hapo mtu wa kilo 98 atalazimika kujaza hewa nyingi mno, kisha shokapu itakuwa inamrusha kwa sababu mafuta ya ndani yanashindwa kuituliza. Anza na psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 2.2 kwa kila kilo, yaani kama 215 kwa kilo 98. Panda taratibu ukiwa umevaa kila kitu, begi la maji likiwemo, shuka bila kudunda, uangalie pete ya mpira iliyo kwenye pistoni imesogea wapi: kwa pistoni ya 55 iwe karibu milimita 16. Kama unakaribia kikomo kilichoandikwa kwenye shokapu na bado inazama, tatizo ni fremu. Pampu ya shokapu inunuliwe pamoja na baiskeli. Kompresa ya kituo cha mafuta haifiki shinikizo hilo, na chumba cha hewa ni kidogo kiasi kwamba kuchomoa mpira wa kompresa tu kunapunguza kipimo.

Mwendo wa milimita 120 hadi 140 unatosha msitu wa Mabira, Bunyonyi na Sipi. Ya 170 utaisukuma mlimani zaidi ya kuipanda.

Magurudumu yawe ya inchi 29, spoku 32 kila moja, diski ya breki ya mbele milimita 200 au 203. Tairi ukiambiwa "weka ya 28, ni ile ile," kataa: tairi ya 28 ya baiskeli nyeusi ya mizigo inakaa kwenye rimu ya milimita 635, na yako ya 29 ni 622. Haitabana. Breki zinazotumia mafuta ya DOT zina nafuu kidogo hapa kwetu, kwani DOT 4 ipo kwenye maduka ya spea za magari. Lakini usiitie kamwe kwenye breki za mafuta ya madini, itaharibu mipira ya ndani, na DOT 5 usiitie kwenye breki yoyote kati ya hizo.

Mwisho, shika siti na uinyanyue nyuma polepole. Ukihisi mlio mdogo wa "tok" kabla gurudumu halijaacha ardhi, beringi za maungio zimekufa, au boliti ya shokapu imelegea. Beringi si janga. Soma namba zilizochapwa pembeni, kwa mfano 6902 au 6802, uzitafute kwenye maduka ya beringi kabla ya kuagiza nje. Kinachoziua ni udongo mwekundu ukichanganyika na maji ya presha kwenye sehemu za kuoshea boda boda. Bomba lile husukuma maji hadi ndani ya mpira wa beringi, grisi inatoka, kutu inaingia. Osha kwa ndoo na brashi, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, matope yanapokuwa ya kila wiki.