Majina ya milimani hayakutokana na ujinga

Kuna mwandishi anayesema wakazi wa zamani wa milima ya Appalachia, Marekani, waliwapa watoto majina ya ajabu kwa kuwa hawakusoma. Hapo simuungi mkono. Biblia walikuwa nayo, tena waliichimba hadi kurasa ambazo wengi wetu tunaziruka: Jemima na Keziah ni mabinti wa Ayubu, sura ya 42. Mtoto wa saba wa kiume wengine walimwita Doctor, wakiamini kazaliwa na kipaji cha kuponya. Na Pleasant, yaani "mwenye kupendeza", lilikuwa jina la mwanamume kamili, na ndevu zake! Halafu karani wa sensa, kila miaka 10, anaandika alivyosikia, na jina linazidi kuonekana la ajabu. Tena bonde zima likiwa la ukoo mmoja, John wa nne utamtofautishaje bila jina lisilo la kawaida?